Ukindu wa Zambarau

Mikoroshini, Kisarawe
16 Januari 2024

Mume wangu Twalibu,

Sikuulizi hali, maana mjukuu mwenye hali mbaya huja kwa bibi yake akala, na weye hujaja tangu korosho zilipoanza kudondoka. Basi u mzima. Nami mzima, isipokuwa goti la kushoto linalosema lake. Dada yako Zuwena anashinda barabarani na mananasi yake toka asubuhi mpaka alasiri, na mwanawe Firdausi, kitukuu changu, anashinda na mimi. Ana miezi minane na meno mawili, yote anayajaribia kwenye kidole changu. Bibi yako mdogo Hajira, mke mwenzangu, ameanza kulima majaruba yake ya mpunga kule bondeni, na bado hanisalimii mpaka nianze mimi. Nami sianzi. Babu yenu kafa mwaka wa kumi na sita huu, sisi bado tunamgombea.

Ningepiga simu, lakini simu yako ni ya "bibi nipo kikaoni." Mimi kisomo cha watu wazima nilikisoma na mtoto akinyonya, kalamu mkono mmoja. Sikujifunza kuandika ili niambiwe mtu yuko kikaoni. Barua haikatwi. Hemedi wa lori la mananasi anashusha mzigo hapo Kibaha, Kwa Mathias, kila Jumanne, atakupa mkononi.

Sasa shika. Jumamosi wamekuja wanaume wanne wenye mabuti na fulana za kung'aa. Hodi hawakupiga. Wamekwenda moja kwa moja kwenye shimo la kifusi la babu yenu, wakapigilia vigingi vyenye rangi nyeupe kichwani. Kumi na viwili, nimevihesabu. Nikawauliza, nyie kina nani? Mmoja mwenye ndevu za kuchonga akasema, "Tunapima tu, bibi." Nikamwambia, anayepima ni fundi cherehani, na huyo naye huomba ruhusa kabla ya kukushika kiuno. Wakacheka. Wakati wanaondoka nikamsikia mmoja anasema "dampo."

Shimo lile babu yenu aliwapa watu wa barabara wachimbe kifusi, wakaahidi watalifukia. Barabara imekwisha, watu wamekwenda, shimo limebaki. Leo wanarudi kulijaza uchafu, ndiko kulifukia kwenyewe huko? Weye ndiye afisa mazingira hapo Kibaha, kazi yako ni taka. Hujui? Nataka jibu la maandishi, na jina lako chini.

Bibi yako,
Swaumu binti Maneno


Kibaha
30 Januari 2024

Bibi, mke wangu mkubwa,

Shikamoo. Barua yako nimeipata, nikaisoma nimesimama kama niko mbele yako. Mimi mzima, ila nimekonda. Chakula cha mgahawani hakina mkono wa mtu. Msalimie Zuwena, umbusu Firdausi, na bibi mdogo Hajira mpe shikamoo yangu hata kama ya kwako hutampa.

Nikueleze kazi yenyewe. Mji huu unaongezeka. Kila mwezi nyumba mpya, na kila nyumba ina taka zake. Pale Kwa Mathias, dereva wetu wa gari la taka, Evance, anaondoka asubuhi limejaa, akirudi anakuta lundo jingine limeota kama uyoga. Mahali tunapomwaga sasa pamekaribia kujaa, na watu wamejenga mpaka ukingoni. Tumeambiwa tuandike mpango wa miaka kumi: taka zipungue vipi, zichukuliwe vipi, zinazobaki ziende wapi. Halmashauri mbili zimekaa meza moja, huku kwetu na huko Kisarawe, kwa sababu taka hazijui mpaka.

Kuna orodha ya mahali patatu. Shimo la Mikoroshini limeingia kwenye orodha. Nasema limeingia, halijachaguliwa. Kutakuwa na mkutano wa wanakijiji kabla ya lolote.

Bibi, nina ombi. Ukubwa wa dampo unategemea hesabu, na hesabu za vitabuni zinasema kila mtu hutupa karibu nusu kilo kwa siku. Sitaki kupanga kwa hesabu ya vitabu. Natafuta nyumba ishirini, kumi za mjini na kumi za shamba. Ya kwanza iwe yako. Kwa wiki mbili, kila kinachotoka ndani kipime kwa debe, uandike ni nini na kimekwenda wapi. Kile ambacho mwisho wa yote hakina kazi yoyote duniani, hicho ndicho kinachotaka dampo. Bosi wangu, Bwana Telesphory, amesema tukiwa na hesabu za kweli tutasikilizwa.

Na vile vigingi, tafadhali, visiguswe.

Mjukuu wako,
Twalibu


Mikoroshini
20 Februari 2024

Mume wangu,

Barua yako imechelewa kwa sababu Hemedi aliikalia, imefika na umbo la makalio yake. Huku tunaendelea. Mbuzi amezaa mapacha. Zuwena amegombana na mwenziwe kuhusu kivuli cha kuuzia, wamepatana. Nasuka mkeka wa Firdausi wa kutambalia, ukindu nimeutia zambarau, ile rangi yangu ambayo kijiji kizima hakuna anayejua kuipika isipokuwa mimi. Hajira akipita anageuza shingo ili asiione. Inamuuma.

Umeandika "limeingia kwenye orodha." Shimo lina miguu? Limeamka, limeoga, limepanda gari mpaka Kibaha likaingia? Kuna mtu kalishika mkono. Ni huyo Telesphory wako. Mtu hajapata kukanyaga Mikoroshini, anakaa kwenye kiti cha kuzunguka, anatafuta wapi pa kumwagia. Mwambie bibi yako kasema ana bahati barabara ni mbovu, ningekuja.

Vigingi vimeliwa na mchwa. Vyote kumi na viwili, pamoja na rangi. Mchwa wa huku wana njaa. Maharage ya wiki ile yameiva vizuri sana.

Haya, hesabu yako. Nimepima wiki mbili kwa debe la mafuta, Zuwena shahidi.

Maganda ya muhogo, ya ndizi, na mananasi yaliyoharibika: madebe kumi na moja. Sita wamekula mbuzi. Matano yamekwenda jalalani nyuma ya jiko, na jalala hilo ndilo linaloota yale maboga unayoyafakamia ukija. Vifuu na makumbi, madebe mawili, nimepikia. Majivu nusu debe, mengine chooni, mengine kwenye mchicha, wadudu hawayapendi. Chupa za plastiki nne: tatu nimetia mbegu, moja kaomba Hemedi ya maji. Kopo la maziwa moja, limekuwa kipimo cha mchele. Kanga iliyochakaa imekuwa vitambaa vya kushikia sufuria. Kisichokuwa na kazi duniani: betri mbili za tochi, wembe mmoja, na makaratasi ya pipi. Nimevitia kwenye kikombe cha chai na havikujaza.

Kikombe kimoja, watu watatu, wiki mbili. Andika hivyo, na usome kwa sauti hao wa viti vya kuzunguka wakusikie. Nyani haoni kundule. Mmejaza mji kwa ulafi wenu, sasa mnachungulia mashimo ya watu wasiowakosea. Hatukununua taka zenu, kwa nini mtuletee?

Hilo debe ulilonipotezea wiki mbili nalo lina kazi, nimeshalirudisha kisimani.

Swaumu binti Maneno


Kibaha
5 Machi 2024

Bibi yangu,

Shikamoo. Hongera ya mapacha wa mbuzi. Hapa joto limekuwa la kuokea mikate. Wiki ijayo tunaingia Ramadhani, Mungu atuwezeshe. Nimempa Hemedi tende na sukari, na safari hii nimemwambia asikalie.

Hesabu yako imesomwa kwa sauti. Kikao kizima wakataka kukujua. Sasa wanakuita Bibi Kikombe, na wanakuita kwa heshima. Katika nyumba zote ishirini, za mjini na za shamba, zaidi ya nusu ya kinachotupwa ni maganda na makombo. Nimeandika kwenye mpango: maganda ya soko yatengwe pale pale sokoni yaoze yawe mbolea, nyumba zenye uwanja ziwe na jalala la kuozesha, wanunuzi wa chupa na vyuma wapewe eneo lao, na gari libebe kilichobaki tu. Tukifanya hivyo, dampo litakuwa chini ya nusu ya lile tulilofikiria. Hilo limetoka jikoni kwako, bibi.

Bwana Telesphory aliuliza jambo moja. Alisema, "Nyumba hii si umesema ina mtoto mchanga? Mbona hakuna pampasi hata moja? Huyo mtoto hajisaidii?" Nikamjibu kwamba bibi yangu analea kwa nepi za kitambaa, ndivyo alivyotulea mimi na Zuwena. Akaandika.

Nimejibu sawa?

Twalibu


Mikoroshini
9 Aprili 2024

Twalibu,

Tende zimefika, tumefuturia. Tamu, ila chache. Huku ni mvua. Mvua ya kulala nayo na kuamka nayo. Jiko la nje limeanguka upande. Leo tunatazamia mwezi kama mawingu yataturuhusu.

Shimo lilijaa mpaka mdomoni, na Jumatano asubuhi ukingo wa chini ukakatika. Maji yote yakateremka bondeni, yakaingia kwenye majaruba ya Hajira, mpunga ukiwa wa kimo cha kiganja. Akaja mlangoni kwangu. Kaanza yeye salamu, weye fikiria. Kasema, "Mke mwenzangu, njoo uone."

Nimekwenda. Pampasi, Twalibu. Zimevimba kama mikate ya kumimina, zimekaa katikati ya mpunga, nyingine zimepasuka zinatoa ule ute wao. Hajira kasema ni lori la mjini, limeshaanza kumwaga kabla hata ya mkutano. Vijana wawili nao wakasema mwezi uliopita waliliona lori la kijani. Mwenyekiti wa kitongoji kapiga picha, kaandika barua kwa halmashauri zote mbili.

Mimi sikusema kitu. Mtu aliyefunga hapendezi kusema sana.

Lakini mmeona wenyewe. Kinachotiwa kwenye shimo lile hakikai, kinateremka. Chini ya majaruba kuna mkondo, na mkondo unakwenda mtoni. Basi lifuteni kwenye orodha yenu, yaishe.

Idi njema.

Swaumu


Kibaha
19 Aprili 2024

Bibi yangu,

Shikamoo, na Idi njema iliyochelewa. Hapa nilisali, nikala pilau kwa jirani, nikalala. Natumaini Firdausi alipata gauni.

Barua ya mwenyekiti imefika. Imetaja lori la kijani. Lori la kijani tunalo moja, na dereva wake ni Evance, yule niliyekutajia. Ni kweli alifika huko mwezi Machi. Aliwaleta wapimaji kuja kutazama vigingi vyao vimekwenda wapi. Sasa ameambiwa akae nyumbani mpaka siku ya mkutano, tarehe 18 Mei. Wakijiridhisha alimwaga, kazi hana. Juzi alikuja kwangu, akakaa kwenye kizingiti, akakataa kiti. Akasema, "Mkuu, miaka tisa nimebeba uchafu wa watu, sijawahi kuubwaga mahali nisipoambiwa."

Picha ziko mezani kwangu. Nimezitazama sana. Pampasi hazikumwagwa ovyo. Zilikuwa zimefungwa fungu fungu kwenye vipande vya mfuko wa salfa, ile ya kupulizia mikorosho, na kila fungu limekazwa kwa utepe mwembamba. Matope mengi, lakini fungu moja maji yameliosha na rangi inaonekana.

Bibi, ule mkeka wa Firdausi umekwisha? Zambarau yake bado inashika vizuri hata ikiloa?

Sijamwambia mtu yeyote ninachokiona.

Twalibu


Kibaha
7 Mei 2024

Bibi,

Shikamoo. Jumanne mbili zimepita na Hemedi amekuja mikono mitupu. Anasema alikupa barua yangu mkononi, ukaisoma umesimama, ukaingia ndani, hata maji hukumkaribisha. Tangu nikufahamu hujamwacha mgeni aondoke bila maji. Ndipo nikajua si goti linalokuuma safari hii.

Sikuandikii ili nikubane. Nina langu la kusema, na nimelikalia tangu Januari kuliko Hemedi alivyoikalia barua.

Uliniuliza nani kalishika shimo mkono. Umemtukana Telesphory tangu Februari, nami nimekuacha umtukane. Si yeye. Ni mimi. Tulikaa mbele ya ramani, kila mtu anakwepa kutaja kwao, nikasema nalijua shimo moja Kisarawe, kubwa, kavu, ardhi ya familia, hakuna atakayelililia. Nilisema "kavu" kwa sababu lilichimbwa nimeshapelekwa shule mjini, nikawa nakuja kwako likizo ya Julai tu, tukicheza mpira ndani yake mpaka jua linazama. Masika sikuwahi kuliona. Nilizaliwa kwenu, nimelelewa kwenu, na nikaiandikia ofisi kama mgeni. Halafu nikashindwa hata kukutumia salamu kwamba wapimaji wanakuja.

Kwa kuwa ardhi ni ya kwetu, nimeamriwa nisihudhurie mkutano. Atakuja Telesphory. Ni mtu mzuri, bibi, na hana kiti cha kuzunguka. Kiti chake kina mguu mmoja uliofungwa waya.

Nimesema langu.

Mjukuu wako,
Twalibu


Mikoroshini
21 Mei 2024

Mume wangu Twalibu,

Kaa chini, barua hii ni ndefu. Firdausi ametembea, hatua tatu, akaangukia kuku. Zuwena anakusalimu. Mvua imekatika. Nami nimeamka salama, kuliko nilivyolala miezi hii yote.

Kwanza weye. Nilikasirika. Nilikutukana peke yangu jikoni mpaka mbuzi wakaondoka. Hakuna atakayelililia! Mimi je? Lakini nikajiuliza, huyu mtoto kasema lake bila kubanwa, na mimi mwenye mvi nasubiri nini? Ukanishinda. Sikuzoea kushindwa na mtu niliyemwosha makalio.

Sasa mimi. Desemba nilianguka kisimani na ndoo kichwani. Sikukuambia, na Zuwena nilimfunga mdomo. Goti halikupona. Nepi za kitambaa zinataka ndoo tatu za maji kila siku, na Zuwena yuko barabarani. Ndipo akaanza kununua pampasi, si kwa ajili ya mtoto, kwa ajili ya goti langu. Bibi yenu niliyewahi kusema mbele ya wanawake wote msibani kwamba pampasi ni za wavivu! Nikawa nazificha. Nilijaribu kuzichoma, hazichomeki, zinanuka na kutoa moshi mweusi. Jalalani haziozi, mbuzi hazitaki, kazi nyingine hazina. Nikawa nazifunga vizuri, ukindu mbovu wa mkeka ukanifaa kwa kamba, na kila asubuhi naangusha fungu shimoni, jani juu yake. Hesabu ile ya kikombe nilijua ni ya uongo wakati naiandika. Niliona haya, na haya ikanipa kiburi.

Walipoziona pampasi kwenye mpunga nikanyamaza. Nilijiambia, uongo huu unalilinda shimo. Lori la mjini limesingiziwa, lori halina roho. Kumbe lina Evance.

Jumamosi mkutano ulijaa. Waliweka turubai pale shuleni. Telesphory alikuja mwenyewe, mrefu, mpole, anatoka jasho. Hajira akaitwa wa kwanza, akaweka fungu moja kwenye sinia mbele ya meza, akasimulia maji yalivyoingia. Mwenyekiti akauliza nani mwingine ana neno kuhusu lori.

Nikasimama. Nikasema, "Mimi Swaumu binti Maneno sina lori." Watu wakacheka. Nikasema, "Sina lori, lakini mzigo ule ni wangu." Hapo hawakucheka. Nilikuwa nimeuchukua mkeka wa Firdausi kwapani. Nikautandika chini, kando ya sinia, nikamwambia Telesphory, "Njoo ulinganishe rangi, baba." Akaja kweli, akachutama. Akatazama huku, akatazama kule, akasema taratibu, "Ni ile ile."

Nikawaambia yote, goti, kisima, na jani juu yake. Nikawaambia, dereva yule hajakosa, mwiteni leo leo. Nikawaambia, mimi mmoja na mtoto mmoja, miezi minne, tumeharibu majaruba mawili bondeni. Haya, leteni mji mzima mtie mle, halafu mngojee masika. Mwenyekiti aliinamia karatasi zake. Nyuma pale kuna mwanamke akasema, "Hata mimi natupa kule." Halafu mwingine. Walifika watano, Twalibu. Watano! Kila mmoja akidhani ni peke yake.

Telesphory kasema mbele ya watu wote shimo limefutwa. Kasema pia kwamba kwenye mpango wenu vijiji havikuandikiwa gari, mlidhani shamba hakuna taka za kubebwa. Nani aliwadhanisha? Mimi na kikombe changu. Basi mtie gari, hata mara moja kwa mwezi.

Lakini kuna jambo halijanitoka. Shimo letu limefutwa, vizuri. Orodha imebaki na mahali pawili. Sasa taka za Kwa Mathias zitakwenda kwa bibi wa nani? Ukienda huko, nenda wakati wa masika, na piga hodi. Na ule msemo wa nyani niliokutupia, nirudishie, ni wangu.

Jana nimekwenda kwa Hajira bila kuitwa. Nikaanza mimi salamu. Tumeingia kwenye jaruba wawili, goti langu na mgongo wake, tenga katikati, tunaopoa. Tumekwenda hivyo mpaka jua la saa nne. Kisha kasema, "Nilijua tangu siku ya kwanza."

Nikamwambia, "Ulijua nini?"

"Zambarau hiyo nimeitafuta miaka arobaini, nimechemsha kila jani na kila gome. Nitaacha kuijua?"

"Sasa kwa nini ukasema lori?"

"Nilitaka nione utanyamaza mpaka lini."

Lo! Nikamwambia, basi na weye umemkosea dereva, sijakosa peke yangu. Akasema, "Kweli." Kisha akaanza kucheka, nami nikacheka, tukakaa kwenye tuta kama wasichana, tope mpaka kwapani. Nikamuuliza anataka nini kwa mpunga wake. Kasema hataki mpunga. Kataka nimfundishe rangi. Leo asubuhi alikuja na chungu chake, nimemfundisha. Moyo uliniuma, nimemfundisha yote.

Hesabu ile ya Februari ifute, uandike hii. Kisichokuwa na kazi duniani, nyumba ya Swaumu, wiki mbili: kikombe kimoja, na pampasi thelathini na tano. Kuanzia sasa ni nepi za kitambaa mchana, pampasi moja ya kulalia. Hajira kasema atanitekea maji, ndoo mbili kila asubuhi, ila atasema kwa kila mtu. Aseme.

Tuliyoyaopoa mimi, Hajira na wale wanawake watano ni magunia saba. Yako barabarani, chini ya kibao cha shule. Mtumeni Evance na lori lake la kijani, apite mchana kweupe watu wote wamwone, na apige hodi kwangu, nimemwekea fenesi na shikamoo yake nitaipokea kwa adabu. Magunia asihangaike kuuliza ni ya nani. Nimeyafunga kwa ukindu wa zambarau.

Bibi yako,
Swaumu binti Maneno